Maktaba ya Kirumba, Mwaka wa Mapipa ya Bluu

Bi Salima alifariki Jumanne alfajiri na kuzikwa alasiri ya siku hiyohiyo, kwa hiyo nilipofika Kirumba Jumatano kwa basi la kutoka Tabora, shughuli ya makaburini ilikuwa imekwisha. Nilikuta mikeka imetandikwa sebuleni na barazani, masufuria yakichemka uani, na wanawake wamekaa wamenyoosha miguu, kila mmoja na khanga begani. Nilivua viatu, nikampa pole dada yake, nikatafuta mahali pa kuegemea. Hakuna aliyenitambua, na sikujitambulisha. Msiba una uzuri wake huo mmoja, kwamba ukikaa kimya utasikia marehemu alikuwa nani. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele alisema, “Mimi alinifukuza maktabani kwa kukohoa.” Mwenzake akajibu, “Afadhali wewe ulikohoa. Mimi nilicheka, nikakaa wiki mbili siruhusiwi kuingia.” Wakacheka kidogo, wakajizuia. Kisha wa tatu, mtu mzima kuliko wote pale, akasema taratibu, “Lakini siku ya mapipa mlimsikia sauti yake.” “Nani hakumsikia,” akajibiwa.

Siku ya mapipa mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Nimefanya kazi ya ukutubi katika mikoa minne, na mara nyingi nimetakiwa kueleza mbele ya wakubwa maktaba inawafaa nini watu wanaoizunguka. Nimeandika ripoti nyingi kuhusu jambo hilo. Sijawahi kuandika habari ya mwaka ule, kwa sababu sehemu yangu ndani yake si ya kujivunia yote. Sasa Bi Salima hayupo kuieleza, naona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimemdhulumu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nina cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kukionyesha, na nilikuwa msaidizi katika chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa ghala la pamba. Jengo lilikuwa mali ya chama kidogo cha ushirika kilichokuwa kimekufa kwa kila kitu isipokuwa jengo lenyewe na bodi ya wazee watano. Madirisha yalikuwa ya vile vioo vyembamba vya kufungulia kwa mkono wa chuma, nusu yake vimevunjika na kuzibwa kwa maboksi, na kwenye mianya iliyobaki iliingia harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mpaka leo nikifungua kitabu cha zamani pua yangu inasubiri dagaa. Tulikuwa na meza sita za mninga, rafu kumi na moja, vitabu vingi vya ufugaji wa kuku, ensaiklopidia iliyokosa juzuu moja katikati, na ukutani ubao mkubwa uliopakwa rangi na Bi Salima mwenyewe: KIMYA. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na aliongea kwa mnong'ono hata akiwa sokoni. Mchana tulikula kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, yeye chapati na maharage ya nazi kama walivyopika kwao, mimi ugali na sato, na kabla ya kurudi ndani alinitaka ninawe mara mbili kwa sabuni. “Mafuta yakishika ukurasa,” alikuwa akisema, “hayatoki mpaka Kiyama.”

Nje kulikuwa na enzi za ruksa, kila mtu ameruhusiwa kufanya biashara. Mitumba ilimwagwa barabarani, magazeti mapya yalizaliwa kila mwezi, malori ya sangara yalipishana, na kila aliyekuwa na kibanda alikipaka rangi akakiita kampuni. Na wakati huohuo viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Ungewaona wanaume wazima wamekaa vibarazani saa nne asubuhi wakiwa bado na mashati ya kazini. Kila kitu kilikuwa na mnunuzi. Sisi tulikuwa na kitu kisichouzwa, na watu walikuwa wameanza kufikiri kwamba kisichouzwa hakina maana.

Mwezi wa kwanza mwenyekiti wa bodi, Mzee Masalu, alikuja kututazama. Alivua kofia mlangoni, tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama katikati ya chumba akihesabu kwa macho. Walikuwepo wanafunzi wawili, mwanamume mmoja na gazeti, na mwingine aliyelalia mikono yake.

“Huyu naye anasoma?” aliuliza Mzee Masalu.

“Anapumzika baada ya kusoma,” alinong'ona Bi Salima.

Mzee hakucheka. Alituita nje, akaeleza bila ukali. Mfanyabiashara wa nyavu alitaka jengo liwe stoo yake, na alikuwa tayari kuezeka paa upya. “Mimi sina ugomvi na vitabu, Salima. Nina ugomvi na paa. Linavuja, na chama hakina uwezo wa kununua hata bati moja. Sasa niambie, nikienda kwa wenzangu nikasema tumnyime yule mtu, nitasema tunamnyima kwa ajili ya nani? Watu wako wako wapi?”

“Wanakuja.”

“Nimeona wanne, na mmoja amelala.” Akavaa kofia. “Mwisho wa mwezi wa sita nitarudi. Nikikuta nyumba hii ina kazi kwa watu wa hapa, nitasimama kwenye bodi niseme. Nikikuta kama leo, sitasema kitu.”

Alasiri yote Bi Salima aliketi akipiga mihuri kwenye kadi ambazo hazikuhitaji mihuri. Mimi nilikuwa na hasira, na kwa kuwa nilikuwa kijana hasira yangu ilikuwa kwa Mzee Masalu. Lakini nilipokuwa nafagia jioni niliona vumbi lililokaa juu ya viti ambavyo havikukaliwa wiki nzima, nikaelewa kwamba yule mzee alisema kweli. Kesho yake niliomba ruhusa ya saa mbili. “Unakwenda wapi?” aliniuliza Bi Salima. Nikamwambia nakwenda kuwauliza watu wanataka kujua nini. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba samaki wanaulizwa wanataka ndoano gani, lakini aliniruhusu.

Mwaloni nilimkuta Nyamizi. Alikuwa akianika dagaa, mwanamke wa miaka thelathini na mbili au tatu, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja kutoka mbali. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, nami nikamweleza nimetoka wapi. Akaendelea kutandaza dagaa kwa viganja.

“Nyumba yenu ile nimesomewa ubao wake,” alisema. “Eti imeandikwa kimya. Sasa mimi, mdogo wangu, kazi yangu ni kupiga kelele. Nitaingia kufanya nini? Na kusoma kwenyewe sijui.”

“Kama kungekuwa na mtu wa kukusomea, ungetaka akusomee nini?”

Aliinuka, akashika kiuno. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. “Ningetaka kujua dagaa huko Dar es Salaam wanakwendaje, maana anayenunua hapa ananiambia anachotaka yeye. Ningetaka kujua haya mambo ya vyama vingi ni nini hasa. Na hadithi. Bibi yangu alikuwa na hadithi, alipokufa hakuna aliyebaki nazo.”

Nilirudi nimejaa maneno. Bi Salima aliyasikiliza yote, kisha akasema, “Maktaba si baraza la umbeya.” Tulibishana siku tatu, yeye kwa mnong'ono, mimi kwa mnong'ono, tukila maharage kwenye ngazi. Mwishowe alikubali nusu. Ningesoma kwa sauti, lakini nje, kwenye baraza la mbele, kuanzia saa kumi jioni, na madirisha yafungwe. Siku ya kwanza walikuja watoto watatu na mbuzi. Niliwasomea gazeti kuanzia juu mpaka chini, hata matangazo ya vifo. Siku ya tano alikuja Nyamizi na beseni lake kichwani, akaketi juu ya ngazi, na kwa kuwa yeye hakujua kusikiliza bila kujibu, wapita njia walisimama kuona anajibizana na nani. Baada ya gazeti niliwasomea sura moja ya kitabu cha hadithi, habari za mwanamke mfinyanzi aliyemshtaki chifu wake. Kufikia mwezi wa tatu baraza lilikuwa linajaa. Mtu mmoja aliniletea maji ya kunywa ili sauti isikauke.

Mwezi huohuo yalikuja mapipa. Yalishushwa kutoka kwenye lori kando ya barabara iendayo Mwaloni, ya plastiki ya bluu, mazito, yenye mfuniko unaobana kwa pete ya chuma. Waliouza walisema yametoka ng'ambo. Maji ya bomba wakati ule yalikuja mara mbili kwa wiki, na mtu mwenye pipa alikuwa mtu mwenye amani, kwa hiyo yalinunuliwa kama mkate. Hata mimi nilitamani moja.

Nyamizi alikuja barazani jioni moja ameshika kipande cha karatasi ngumu, kimechanika upande wa juu. Alichanganya r na l kama wengi wetu wa huku. “Hii kalatasi imebanduka kwenye pipa langu nilipokuwa naliosha,” alisema. “Wenzangu yao yalikwanguliwa, langu walisahau chini ya kitako. Hebu nisomee, inasemaje kuhusu kuosha? Maji yana ladha nisiyoipenda, na Kabula wangu anatapika tangu juzi.”

Niliipokea mbele ya watu wote. Herufi zilikuwa ndogo, maneno marefu nisiyoyajua, mengine yana nukta mbili juu ya irabu. Lakini katikati, kwa wekundu mnene, palikuwa na neno moja fupi nililolijua tangu darasani: G, I, F, T. Nilifurahi kulijua. Hilo ndilo jambo ambalo sijajisamehe vizuri, kwamba nilifurahi.

“Neno hili ni zawadi,” nilisema. “Huenda huko yalitolewa bure, hawa wakaja kutuuzia.”

Watu wakacheka. Nyamizi naye akacheka. “Na ladha?”

“Ni plastiki mpya tu. Mchemshie mtoto maji.”

Akashukuru, akaniachia karatasi, akaenda zake. Nikaendelea na mfinyanzi na chifu.

Nilipoingia ndani kufunga, Bi Salima alikuwa amesimama dirishani. Sikujua kwamba kila jioni, nyuma ya vioo alivyotaka vifungwe, alikuwa akisikiliza. Alinyoosha mkono nikampa ile karatasi. Akaisogeza karibu na miwani.

“Neno moja umelijua,” alisema. “Mengine je?”

“Mengine sikuyajua.”

“Msomaji akikuletea ukurasa, unamjibu neno?”

Akaendelea kuitazama. “Na zawadi gani, Vene, huandikwa kwa herufi nyekundu namna hii? Mtu akikupa zawadi anakupigia kelele?”

Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na maboksi matatu ya vitabu vya msaada, yaliyotufikia miaka mingi kabla, yamejaa vitabu vya lugha ambazo hapakuwa na mtu Kirumba anayezisoma. Tulikuwa tukiyatumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, na Bi Salima alikuwa akimlalamikia kila mgeni juu ya watu wanaotoa wasichokihitaji. Jioni ile alipiga magoti, akayafungua. Alikuwa anatafuta zile nukta mbili. Tulizipata kwenye majalada ya boksi la pili, na kwenye boksi la tatu, chini kabisa, ilikuwepo kamusi nene ya Kijerumani na Kiingereza ambayo haijawahi kufunguliwa. Kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana pembeni. Tukaketi meza moja. Mimi nilishika kamusi ile, yeye akashika ya Kiingereza na Kiswahili, karatasi katikati yetu. “Anza na hilo neno lako,” alisema. Nikalitafuta kwa kidole. Lilikuwa na maana moja fupi ya Kiingereza, na hiyo nayo niliijua. Sikuweza kuitamka. Bi Salima akainama akaisoma mwenyewe.

“Sumu,” alisema.

Tuliendelea. Sasa yeye ndiye aliyefunua kurasa za kamusi zote mbili. Shamba. Kuvu. Ngozi. Mtoto. Chombo. Tena. Usi. Tuliyaandika kwenye kadi moja baada ya jingine mpaka yakawa sentensi: dawa ya kuua kuvu mashambani, ni hatari ikimezwa au ikigusa ngozi, iwekwe mbali na watoto, chombo hiki kisitumike tena. Jua lilikuwa bado halijazama. Niliichukua ile kadi na karatasi yenyewe nikakimbia.

Nyamizi alikuwa uani anapepea jiko, na juu ya jiko kulikuwa na sufuria. Nilimwambia palepale, sikumzungusha. “Dada, nilikosea. Si zawadi. Ni sumu.”

Aliacha kupepea. “Uliniambia nichemshe.”

“Ndiyo.”

“Nimechemsha. Nimempa vikombe vitatu.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimwaga sufuria juu ya makaa, akaingia ndani, akatoka na Kabula mgongoni, mtoto wa miaka minne ambaye shingo yake ilikuwa imelegea, tukaondoka kwa hatua za haraka. Hospitali mganga aliuliza mtoto amekunywa nini. Kwa kawaida mtu angesema maji. Mimi nilimpa karatasi na kadi. Aliisoma kadi mara mbili. “Nani amewatafsiria hii?” Nyamizi akajibu kabla yangu: “Maktaba.” Hakusema kwa shukrani wala kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu jina la mtaa anaotoka.

Kabula alilazwa siku nne, akapona. Watoto wawili wa nyumba za jirani nao walipelekwa, nao wakapona, mmoja kwa shida. Nimeishi miaka mingi nikijua kwamba ingeweza kuwa vinginevyo. Wanafunzi wangu wa ukutubi walikuwa wakilalamika kwamba siwaruhusu kumjibu msomaji papo hapo hata jambo dogo, kwamba nawalazimisha waende kwanza kwenye rafu. Sikuwaeleza kwa nini. Nilisema tu ni utaratibu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa wauzaji wa mapipa. Yalikuwa yamepangwa mengi, bluu tupu, na wanawake wamezunguka wakiyagonga kwa vidole kusikia kama yana nyufa. Nikasema nilichokijua. Kijana mmoja aliyekaa juu ya pipa alinitazama akatabasamu. “Wewe si ndiye uliyesema zawadi?” Watu wakaangua kicheko. Habari za barazani zilikuwa zimenitangulia. “Jana zawadi, leo sumu. Kesho utasema ni posa.” Niliongea tena, hawakusikia. Mama mmoja alinigusa bega kwa huruma: “Binti, na hayo maji tutayaweka wapi?” Akalipia lake, akaliviringisha kwenda nyumbani.

Nilirudi nikamwambia Bi Salima kwamba nimeshindwa, kwamba neno langu halina thamani tena. Alikuwa anawapangia wanafunzi viti. Alinisikiliza, akafikiri, kisha akawaomba wale wanafunzi watoke, akafunga mlango saa nne na nusu asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyofiwa na mama yake. Akavaa baibui. Akaichukua kamusi ya Kijerumani, ambayo usiku uliopita alikuwa ameibandika karatasi nyekundu ya vitabu visivyoruhusiwa kutoka, akaikumbatia kifuani, akatoka nayo.

Pale barabarani aligeuza kreti la soda, akapanda juu yake. Sijui alitegemea nini, mimi nilitegemea mnong'ono. Ilitoka sauti ambayo mpaka leo siwezi kueleza aliitoa wapi, pana, iliyonyooka, ya mtu aliyeihifadhi miaka ishirini.

“Naitwa Salima wa maktaba. Wengi mnanijua, nimewafukuza wengi wenu. Msichana wangu alikosea. Alisoma neno la Kijerumani kwa Kiingereza. Mimi sikuja kuwaomba mniamini. Nimekuja na kitabu. Nani hapa amesoma? Aje aone kwa macho yake.”

Kukawa na minong'ono, safari hii ya watu wengine. Mkufunzi mmoja wa ualimu kutoka Butimba, aliyekuja kununua samaki na kikapu chake, alisukumwa mbele. Bi Salima akampa karatasi, akamfungulia kamusi, akamtaka asome kwa sauti herufi moja moja, kisha maana yake. Yule bwana akasoma. Alipofika mwisho wa neno la kwanza aliinua macho. “Ni kweli,” alisema. “Imeandikwa sumu.”

“Endelea,” alisema Bi Salima. “Yako maneno kumi na tisa.”

Yalisomwa yote kumi na tisa. Kijana wa juu ya pipa alishuka. “Mama, sisi tumenunua mapipa. Hatukununua maneno.”

“Maneno yalikuja na mapipa,” alimjibu. “Mliyakwangua.”

Hapo ndipo Nyamizi alipotokea. Alikuwa ametoka hospitali, na alikuwa analiviringisha pipa lake katikati ya barabara, taratibu, bila kusema neno, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Alilisimamisha mbele ya wauzaji, akageuka, akasimama kando ya kreti la Bi Salima. Nyuma yake akaja mwingine na pipa lake. Kisha wawili. Adhuhuri bwana afya wa kata, aliyekuwa ameletewa taarifa na hospitali, alikuta mapipa yamejaa barabara nzima. Yalichukuliwa. Wauzaji waliondoka na lori lao, na sikusikia kama waliwahi kuulizwa lolote zaidi.

Baada ya hapo hatukuhitaji kwenda Mwaloni kuuliza. Watu walikuja na makaratasi yao. Barua za kupunguzwa kazini ambazo wenyewe waliziweka chini ya godoro kwa sababu Kiingereza chake kiliwatisha. Vijikaratasi vya dawa za mifugo. Mzee wa Kikerewe alikuja na injini ya mtumbwi, injini yenyewe, si karatasi, akaiweka juu ya meza ya mninga, na Bi Salima akafumba macho kwa sababu ya mafuta, akatafuta kitabu. Chini ya ubao wake wa kimya aliongeza mstari kwa rangi: KUULIZA NI RUKSA. Tulijifunza kusema “sijui, subiri,” na tulijifunza kwamba watu wanasubiri kwa furaha wakiona unatafuta kweli. Wapo ambao hatukuwapatia jibu. Wale wa barua za kiwanda wengi tuliwasomea tu kile walichokwisha kukihisi.

Mzee Masalu alirudi mwisho wa mwezi wa sita kama alivyoahidi, saa kumi na nusu. Alikosa pa kukaa. Alisimama ukutani na kofia yake mkononi, akasikiliza gazeti, akasikiliza maswali, akamsikiliza Nyamizi akimweleza mwenzake bei za Dar es Salaam. Akanong'ona sikioni mwa Bi Salima, naye akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba haina haja ya kunong'ona, ni saa za kuuliza. Kwenye bodi alisimama akasema. Hakushinda yote. Mwenye nyavu alipewa nusu ya nyuma, ukuta ukajengwa, na paa likaezekwa pande zote mbili. Tulipoteza meza tatu na mlango wetu wa nyuma pamoja na ngazi tuliyolia chakula. Siku tulipohamisha rafu nililia. Bi Salima alikuwa anapanga vitabu vya kuku juu ya vitabu vya historia. “Vitazoeana,” alisema, na akanikabidhi rundo jingine.

Mwishoni mwa mwaka, wiki moja kabla sijaondoka kwenda chuo cha ukutubi, Nyamizi alikuja asubuhi, si jioni, na hakuwa na beseni. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kanisani. Akasema anataka kadi ya uanachama. Fomu zetu zilitaka mdhamini mwenye ajira. Bi Salima aliivuta fomu akaitia sahihi yake pale pa mdhamini bila kuinua kichwa. Nikamuuliza Nyamizi anataka kuazima kitabu gani. Akasema kile cha mfinyanzi.

“Hicho umeshakisikia chote, dada. Na nani atakusomea?”

“Mume wangu,” alisema. “Yeye anajua kusoma, alikuwa karani kiwandani. Tangu wampunguze anakaa tu. Mwaka mzima hasemi, anaitikia kwa kichwa. Sasa nitamwambia mimi sijui kusoma, anisomee.” Akakipokea kitabu kwa mikono miwili. “Na akiruka ukurasa nitajua.”

Nilipiga muhuri wa wiki mbili. Alikirudisha baada ya siku sita, akakiweka juu ya meza, akatazama rafu kwa muda mrefu.

“Amesema kimekwisha haraka,” alisema. “Anauliza kama mna kinene zaidi.”